Chanda chema huvikwa pete, lakini hiyo pete ni ya nani?

Haya, kuhusu nani anashika miradi ya programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadilisha, niliyasema Jumamosi hapa Kampala mbele ya madevelopa kama arobaini hivi, chumba kidogo, feni moja, na umeme uliondoka dakika ya tano kwa hiyo slaidi zangu hakuna aliyeziona. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa tu pale nilipokuwa natafuta maji ya kunywa.

Hamjambo wote, ssebo na nnyabo, wa Arua, wa Mbale, wa Busia, na nyie ndugu zetu mliovuka Malaba, na wale wa Goma, karibuni sana. Hapo mlangoni kuna mtu kaniuliza ati mambo ya kompyuta kwa Kiswahili yatawezekana kweli, nikamwambia kwani boda akikuangusha mtaroni unalia kwa lugha gani? Tutaelewana. Moja tu, nikisema kodi leo namaanisha kodi ya programu, yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, sio ile ya URA, watoza ushuru, kwa hiyo msianze kuangaliana.

Naanza na boda, kompyuta itafuata.

Mjomba wangu ni mwenyekiti wa steji ya boda huku upande wa Kireka. Steji yenyewe ni kivuli cha mwembe na ubao mmoja ulioandikwa kwa brashi, jina la steji, wameliandika wenyewe na herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Pale kuna utaratibu. Ukija mgeni unalipa hela ya kujiunga, unakaa mwisho wa foleni, unaonekana wiki, unaonekana mwezi, watu wanakuangalia unabebaje wateja, simu ya mteja ikianguka unairudisha au unaipeleka soko la Owino, mvua ikinyesha unapandisha bei mara tatu au una utu, na kidogokidogo ukisema kwenye kikao watu wananyamaza wakusikilize. Sasa sikilizeni hapa vizuri maana hapa ndipo hotuba yote ilipo. Nusu ya wale vijana pikipiki sio zao. Ni za matajiri, jioni wanapeleka hesabu. Lakini kwenye kikao cha steji anayepiga kura ni anayeendesha, sio mwenye pikipiki. Kuna tajiri mmoja ana pikipiki kumi na moja pale chini ya mwembe na hana hata kura moja. Akija anasalimiwa, anapewa kiti, anaondoka.

Basi ikaja kampuni, jina sitalitaja, ya mambo ya kuita boda kwa simu. Ikaleta benchi la chuma, mwavuli mkubwa, helmeti, makoti ya reflekta, na wakapaka ule ubao rangi yao wakaandika jina lao juu ya jina la steji. Watu wakafurahi, nani hataki benchi? Baada ya miezi miwili wakaja na karatasi. Wenye koti letu wakae mbele ya foleni, na mwenyekiti awe mtu tutakayemteua sisi. Mjomba akawaambia benchi tunashukuru, mkitaka libebeni. Steji ikagawanyika, wengine wakahamia ng'ambo ya barabara na koti zao, maneno yakawa mengi, ndugu wakanuniana. Halafu biashara ikawakataa, kampuni ikafunga ikaenda. Benchi lipo. Mwavuli umebaki mbavu tu. Ila mpaka leo abiria akipanda kule mjini anasema nipeleke steji ya ile kampuni. Lile jina la brashi wanalikumbuka wazee watano.

Mimi nilipoanza kusoma jinsi miradi ya programu huria inavyoendeshwa nikasema kumbe hii naijua.

Kuna shirika linaitwa Apache Software Foundation, vitu vyake mnavitumia kila siku hata kama hamjui. Lilianza 1995 na watu wanane waliokuwa wanatumia seva ya wavuti, programu inayotuma kurasa za tovuti, iliyotoka NCSA, kituo cha kompyuta kule Marekani, aliyeiandika alikuwa ameshaondoka, hakuna wa kuitunza, kila mtu ana kiraka chake mfukoni, yaani kipande cha kodi cha kurekebisha kosa, wakasema jamani tuviweke pamoja. 1999 wakaandikisha shirika rasmi. Na sheria waliyoiweka ni ile ile ya chini ya mwembe, mwanachama ni mtu. Kampuni haiwezi kuwa mwanachama, hata iwe kubwa vipi. Inaweza kutoa pesa, na zipo zinazotoa pesa ndefu kila mwaka, jina lake litawekwa kwenye orodha ya wadhamini, itashukuriwa, itapewa kiti kama yule tajiri wa pikipiki kumi na moja. Bodi ina watu tisa, wanachaguliwa na wanachama, na kiti hakiuzwi.

Unapandaje? Unaleta kiraka, kingine, unajibu maswali ya watu, unaandika maelezo, wanakuona. Siku moja unaalikwa, unapewa ufunguo wa kuingiza kodi mwenyewe bila kumuomba mtu. Baadaye unaingia kamati ya mradi. Waswahili walishasema chanda chema huvikwa pete, ndio hiyo. Na pete ukishavikwa ni yako. Ukihama kazi unahama nayo, ukifukuzwa unatoka nayo, ukipotea mwaka mzima kwa sababu umepata mapacha ukirudi uko pale pale. Wenyewe wanasema stahili ya mtu haina tarehe ya kuisha, sio maziwa.

Halafu wana hii habari ya kofia naipenda sana. Ukisema jambo kwenye mradi unatakiwa ujue umevaa kofia gani, ya bosi wako au ya mradi, na kama ni ya bosi sema wazi. Sisi Uganda kofia mbili tunazijua. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ambaye hapo hapo ni dalali wa viwanja, anakuuzia kiwanja asubuhi na mchana anakipigia muhuri. Ukimuuliza umesimama upande gani anasema upande wa maendeleo.

Na kura zao, unaandika +1 kama unakubali, 0 kama hujali, -1 kama unakataa. Kwenye mabadiliko ya kodi, -1 moja tu ya mwenye haki ya kura, ikiwa na sababu ya kitaalamu, inasimamisha kila kitu mpaka mkubaliane. Moja. Hata kama wewe uko Lira na laptopu yako imefungwa na selotepu na aliyeleta kodi ni injinia wa kampuni ya mabilioni. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya.

Sasa upande wa pili, mradi ambao kampuni ndiyo inashika kila kitu. Hapa mifano ni mingi mpaka inachosha lakini mmoja nitakaa nao, Hudson. Kohsuke Kawaguchi alikuwa mfanyakazi wa Sun, kampuni ya kompyuta ya Marekani, akaandika chombo cha kujenga na kupima programu chenyewe usiku na mchana, watu wakakipenda, jumuiya ikawa kubwa. Januari 2010 kampuni nyingine kubwa, Oracle, wakamaliza kuinunua Sun, na mwaka huo huo Kawaguchi akaondoka. Mwisho wa mwaka jumuiya ikataka kuhamisha kodi iende GitHub, tovuti ya kutunzia kodi, maana kule ilikokuwa palikuwa panasumbua. Jambo dogo tu, kuhama nyumba. Oracle wakasema subirini, na hilo jina Hudson ni letu. Fikiria. Kodi ni huria, mtu yeyote anaweza kuichukua, lakini jina lina mwenyewe. Januari 2011 jumuiya ikapiga kura, wengi kwa mbali wakasema tubadilishe jina, ikawa Jenkins. Oracle wakaendelea na Hudson yao, baadaye mwaka huo wakaipeleka kwa Eclipse Foundation, na leo hapa nikiuliza nani anatumia Jenkins mikono inapanda, nikiuliza Hudson mnaniangalia kama nimetaja mto.

Kwa hiyo watu walishinda, sawa, lakini angalieni walilipa nini. Walifuta jina kwenye kila ubao. Steji ya mjomba haikuwa na nguvu hizo.

OpenOffice, programu ya ofisi ya kuandikia barua na hesabu, ni ndugu yake, mwaka ule ule, kampuni ile ile. Septemba 2010 watu wakatoka na kodi ile ile wakaanzisha LibreOffice, wakaomba wapewe jina la zamani, hawakupewa, na wale waliokuwa na viti kwenye baraza la OpenOffice wakaambiwa waviache kwa sababu sasa wana kofia mbili. Nilicheka. Kofia mbili inakuwa tatizo pale tu ya pili sio ya bosi. Mwaka uliofuata Oracle wakaipeleka OpenOffice kwa Apache, lakini watu walishahama.

Wengine nawapita mbio. MySQL, programu ya kuhifadhi data, ilinunuliwa na Sun 2008 kwa dola bilioni moja, nayo ikaangukia Oracle, mwanzilishi wake Monty Widenius akatoka na MariaDB, zote mbili ni majina ya binti zake, huyu mzee angekuwa Mganda tungekuwa na matoleo ishirini. Kuna programu nyingine za seva ambazo kampuni zake ziliacha leseni huria, yaani ruhusa ya kila mtu kuzitumia atakavyo, Elasticsearch 2021, Terraform Agosti 2023, Redis Machi 2024, na kila mara watu walichukua nakala ya mwisho iliyokuwa huria wakaenda nayo kwa jina jipya, OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Elastic na Redis baadaye wakarudisha leseni huria pembeni ya zile nyingine. Mimi siwachukii hizi kampuni. Zilikuwa zinaona kampuni kubwa zaidi za seva za kukodisha zinauza kazi yao bila kuwapa kitu, uchungu wao ni wa kweli. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulifanyika ofisini, na yule kijana aliyetoa kiraka kutoka Gulu aliusikia kama mimi na wewe tunavyosikia bei ya mafuta imepanda.

Njia ya tatu ni ya mtu mmoja. Kwa Kiingereza wanamwita kwa cheo ambacho ukikitafsiri ni dikteta mwema wa maisha. Mark Shuttleworth wa Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, yeye hata alijiita dikteta aliyejiteua mwenyewe, kwa utani. Ubuntu mimi naipenda, siku zile walikuwa wanatuma sidii bure kwa posta, yangu ilikuja kwa sanduku la posta la shule na mkuu wa shule akaifungua kwanza kuona kama ni filamu chafu. Lakini jamani, sisi tulishakuwa na mtu aliyejitangaza rais wa maisha, 1976, tukisikia hilo neno hata kwa utani tunaangalia mlango uko wapi.

Watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, ndio walionifurahisha. Guido van Rossum alikuwa na cheo hicho hicho, na Julai 2018 baada ya mabishano makali juu ya alama moja ndogo kwenye lugha akasema nimechoka, naachia, na sijateua mrithi, amueni wenyewe. Rudieni hapo. Sijateua mrithi! Wakakaa, wakabishana miezi, wakaandika katiba yao, baraza la watu watano wanaochaguliwa, na ndani yake wakaweka kamstari kamoja, wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Mimi kamstari kale nakaona ni bora kuliko kurasa nyingi za Apache, na nitawaambia kwa nini.

Ile sheria kwamba mwanachama ni mtu ina tundu, na kampuni zimelijua zamani. Kwa nini uhangaike kununua kiti wakati unaweza kumuajiri aliyekikalia? Kwenye karatasi ni watu tisa wenye funguo zao binafsi, kila mmoja na sifa zake, jioni saba kati yao wanapokea mshahara sehemu moja. Hakuna aliyevunja sheria, kila mtu amevaa kofia ya mradi. Halafu bosi anabadilisha mipango, saba wanapewa kazi nyingine, funguo bado wanazo mifukoni ila hakuna anayefungua mlango, na mradi unaota majani. Apache wanalijua hili, mradi mpya ukiingia kwenye sehemu yao ya kulelea huwa wanaangalia kama kampuni moja ikiondoka kesho kutabaki watu. Lakini kuangalia ni kuangalia. Kamstari ka Python ni kufuli.

Na bado sijasema la pili. Hiyo stahili inapimwaje?

Inapimwa kwa muda. Anayeonekana ndiye anayepanda, na kuonekana kunataka bando, kunataka umeme, kunataka saa mbili za usiku ambazo hakuna mtoto analia. Tulilipa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018 ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii, ikatolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kijana wa Berlin aliyelipwa kukaa kwenye mradi mchana kutwa na wewe wa Kamwokya unayeingia baada ya saa sita usiku, kwenye rekodi mnaonekana mko kwenye mbio moja.

Kuna hii ya saa 72. Apache wana desturi nzuri, jambo likiletwa kwa kura linaachwa wazi angalau saa 72, ili mtu wa Japani na wa Brazili wote wapate nafasi, hata wikendi ikiwa katikati. Asiyesema amekubali, mara nyingi. Aliyeitunga alifikiria watu wa mbali kwa nia njema kabisa. Sasa Januari 2021, jioni ya tarehe 13, kesho yake uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Hesabu mwenyewe. Kura inafunguliwa, inajadiliwa, inafungwa, inahesabiwa, na sisi wote wa nchi hii tumekubali! Mimi nilirudi hewani nikakuta jambo nililokuwa nalipinga wiki mbili limepita bila kura hata moja ya kukataa. Niliandika barua ya heshima nikaeleza. Mmoja akanijibu pole sana, angalau alijibu, mwingine akaniuliza kwa nini sikutumia VPN, njia ya kuzunguka kizuizi cha mtandao. VPN juu ya nini, ndugu yangu? Juu ya mwembe?

Nikiwa kwenye malalamiko acheni nimalizie langu, halafu tuendelee. Kuna mradi mwingine, siutaji, ni wa kampuni moja ya nje, kodi iko wazi kila mtu anaiona. Niliufanyia kazi miaka minne. Nikaleta kiraka cha kuzuia programu isife mtandao ukikatika katikati ya kupakia faili. Mistari sitini na kitu, na vipimo vyake. Mwezi wa kwanza mtu akaweka kidole gumba. Mwezi wa tatu wakaligusa lile faili, kiraka kikagongana, nikakirekebisha. Mwezi wa tano vile vile, nikarekebisha. Mwezi wa saba boti, programu inayojiendesha yenyewe, likaandika kwamba hapa hakuna shughuli, linafunga. Hakuna shughuli! Wiki hiyo hiyo kijana aliyeajiriwa kwao wiki tatu nyuma akapewa ufunguo. Sina ugomvi naye, pengine ananizidi, lakini pete yake ilikuja pamoja na beji ya ofisi. Na nilivyotulia nikaelewa kitu, kwenye ofisi yao mtandao haukatiki. Kwao lile kosa halipo. Kampuni ikishika mradi peke yake huhitaji hata uovu, kinachokosekana ni jicho la mtu anayeishi na tatizo.

Kuna mtu hapo nyuma ananong'ona xz, nakuona, nakuja.

Sawa, xz. Kwa ambao hamjui, ni kachombo ka kubana faili, kako ndani ya karibu kila Linux, mifumo huria kama Ubuntu, kalikuwa kanatunzwa na mtu mmoja aliyechoka, bila mshahara. Akaja mtu kwa jina Jia Tan, akaleta viraka vizuri tangu 2021, akasaidia, akawa mpole, akapanda ngazi zote kama tulivyosema, akapewa ufunguo. 2024 ikagundulika ameficha mlango wa nyuma, wa kuingilia kompyuta za watu kimya kimya. Aliyegundua ni Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, nusu sekunde tu, akachimba, na Machi 29 akatangaza. Kwa hiyo ndiyo, stahili inaweza kuigizwa. Chanda kilikuwa chema miaka miwili na nusu. Sina jibu la kuwapa la kifahari hapo, nawaambia tu kwamba Freund anafanya kazi Microsoft, na alikuwa na muda wa kufukuza nusu sekunde kwa sababu kuna mtu anamlipa, na yule mtunzaji wa xz hakuwa na muda kwa sababu hakuna aliyemlipa. Nyie mnaosema kampuni zitoke kabisa, jibuni hiyo kwanza.

Turudi nyumbani. Hapa kwetu anayeshika mradi mara nyingi ni mfadhili, kampuni ni wachache. Vituo vyetu vya afya vinatumia UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria, na OpenMRS ina ngazi za madevelopa, unaanza /dev/null, yaani hewa tupu, unapanda mpaka /dev/5, na Waganda wamepanda sana kule, kwa kazi zao, kwa majina yao. Huo ni upande mzuri. Upande mwingine ni kwamba mishahara ya watu wengi wa mifumo ya afya hapa ilikuwa inatoka Marekani, na Januari 2025 misaada iliposimamishwa mnajua kilichotokea, wengine mko humu ndani.

Rafiki yangu mmoja, simtaji na ofisi yake siitaji, aliniita tukutane Wandegeya. Akaniambia kila kitu alichowahi kuandika, kila kiraka, kila ufunguo, aliufungua kwa barua pepe ya ofisi. Ijumaa wameambiwa mradi umefungwa, Jumatatu barua pepe haifunguki, na msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye hiyo hiyo barua pepe. Miaka sita. Kazi zake zipo, zinaonekana, zinatumika hospitalini sasa hivi tunavyoongea, ila yeye ni mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Tukakaa na rolex mbili, zile chapati za mayai, mezani zikapoa, alikuwa anajaribu nywila za zamani moja baada ya nyingine kwenye simu yangu.

Linganisheni na Fineract, programu huria ya akaunti na mikopo, ambayo baadhi ya wanaotengeneza mifumo ya SACCO humu wanaijua. Ilianza kama Mifos chini ya Grameen Foundation. 2011 mfadhili akajitoa, watu wakabaki wakaishika wenyewe, mwisho wa 2015 ikaingia Apache, 2017 ikawa mradi kamili. Mwenye pesa aliondoka na funguo zilikuwa kwenye mifuko ya watu.

Hapo dada mmoja wa Busia alisimama, swali lake nimeliweka kama alivyolisema: "Kaka umeongea vizuri, lakini mkono mtupu haulambwi. Mimi nina watoto wawili na SACCO inanidai. Kampuni ikiniambia njoo ushike mradi wetu nitakataa kwa ajili ya mwembe wa mjomba wako?"

Watu walipiga makofi, kwake, sio kwangu.

Usikatae dada. Chukua mshahara, mjomba mwenyewe benchi amelikalia mpaka leo. Lakini kabla hujasaini uliza maswali ambayo hayana aibu. Jina la mradi limeandikishwa kwa nani? Nikiondoka, ufunguo unabaki na mimi au unabaki mezani? Ile karatasi ya haki za kodi wanayotaka nisaini, inawapa ruhusa ya kutumia kazi yangu au inawapa kazi yenyewe waigeuze leseni wanavyotaka? Kule Apache unasaini kama mtu, mwajiri wako ana karatasi yake tofauti, na haki ya kazi inabaki kwako. Kama wakikujibu vibaya bado unaweza kuingia, watoto wanakula, ila utakuwa umejua kwamba unaendesha pikipiki ya mtu na kikao pia ni cha mtu. Na fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe, leo, sio kesho. Nani humu akaunti yake ya kodi iko kwenye barua pepe ya ofisi? Msiogope, inueni.

Nilihesabu kumi na saba kisha nikaacha kuhesabu.

Haya, toeni simu, wenye bando wawashee wenzao, kubadilisha ni dakika tatu, na ile namba ya simu ya kuthibitisha hakikisheni ni ya laini yenu sio ya ofisi. Yule wa pale mbele anasema yake inataka idhini ya bosi. Umeona? Umeona sasa? Kaa hapo nakuja tuangalie pamoja.

Aa, umeme umerudi. Slaidi ya kwanza ndiyo hiyo ukutani, inasema karibuni. Rolex ziko nje, aliyeagiza bila kitunguu ya kwake imewekewa alama ya kalamu.